Mama ana sukari na presha, mgongo unamuuma: akanyooshwe au asiguswe?

SWALI: Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Tanga kuhusu mama yangu, ana miaka 62. Ana kisukari na presha, mwaka wa kumi sasa. Mgongo wa chini ulimwanza Februari, huu mwezi wa saba, na usiku nyayo zinamwaka moto. Anauza vitumbua, ila siku hizi akikaa kwenye kigoda nusu saa hainuki bila kushikwa mkono. Alipigwa picha ya MRI tukaambiwa diski mbili, zile kingo laini za katikati ya pingili, zimetoka. Kuna tabibu wa kiropraktiki, wale wanaonyoosha mgongo kwa mikono, amemtaka alipie vikao 24 kwa mkupuo ili apewe punguzo. Jirani yetu naye anasema mwenye sukari haguswi mgongo. Kwa sasa anakunywa dawa ya maumivu, diklofenaki, akizidiwa. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza.

Nianze na jibu lenyewe usije ukasoma kwa wasiwasi. Jirani amekosea. Kisukari peke yake hakimzuii mtu kukandwa wala kunyooshwa mgongo. Tabibu naye amekosea. Hakuna mtu, awe fundi kiasi gani, anayejua siku ya kwanza kwamba mgongo huu utataka vikao 24. Mama anaweza kutibiwa na tabibu wa kiropraktiki kama mimi, lakini mgongo si mahali pa kuanzia. Tunaanza na mfuko wake wa dawa, tunakwenda kwenye nyayo, ndipo tunafika mgongoni.

Kazi hii ya kiropraktiki nimeifanya Mombasa miaka kumi na minne, baada ya kusomea Durban. Niliporudi nilidhani nitashinda nikitibu vijana wa bandarini waliobeba mizigo vibaya. Wapo. Lakini wengi wanaopanda ngazi zangu wanafanana na mama yako: wamepita hamsini, wana sukari au presha au vyote viwili, magoti yanalia, usingizi haba, na mgongo ndio uliowaleta kwa kuwa ndio unaopiga kelele kushinda vyote. Tafiti za tiba ya mgongo mara nyingi huwaacha nje watu kama hawa, maana maradhi yao mengine huvuruga hesabu. Kwa hiyo mengi tunayoyajua kwa uhakika tumeyajua kwa watu wenye afya kuliko mama. Tabibu asiyelikumbuka hilo atamtendea mama kama vile ni kijana wa miaka thelathini aliyeteguka akicheza mpira.

Sasa ule mfuko. Mgonjwa wa namna hii akipiga simu kutaka nafasi, humwambia aje na kila anachokimeza, hata alichopewa na shemeji. Mwaka juzi alikuja mama mmoja kutoka Likoni, kikapu mkononi. Nikamwomba amwage mezani. Zikatoka metformini ya sukari, amlodipini ya presha, losartani nayo ya presha iliyochanganywa na dawa ya kukojosha, halafu upande wa maumivu: diklofenaki ya vidonge vyekundu, pakiti nyingine ya jina la kibiashara ambayo ndani yake ni diklofenaki hiyo hiyo na parasetamoli, na ibuprofeni aliyoachiwa na mjukuu. Yeye alijua hizo ni dawa tatu za maradhi matatu: moja ya mgongo, moja ya goti, moja ya kichwa. Zote ni ukoo mmoja. Alikuwa anameza dozi mbili za kitu kimoja pamoja na nduguye, na presha yake asubuhi ile ilikuwa juu kiasi kwamba sikumlaza hata kitandani. Nilimwandikia barua, nikampeleka kliniki yake ya presha na figo zipimwe. Mgongo ulisubiri.

Nikueleze kwa nini naliogopa hilo kuliko diski. Umewahi kukamua nazi kwenye kifumbu. Tui halipiti bila kusukumwa. Figo ni hivyo hivyo: damu lazima iingie kwa msukumo ndipo ichujwe. Dawa ya kukojosha inapunguza maji mwilini, yaani tui lenyewe limepungua. Losartani na wenzake wanalegeza mshipa wa kutokea, msukumo ndani ya kichujio ukashuka. Kwa mwenye presha na sukari hilo kwa kawaida ni jema, linazilinda figo. Ukileta diklofenaki juu yake, inabana mshipa wa kuingilia. Hapo figo imebanwa mlangoni, imelegezwa nyuma, na tui lenyewe haba. Kijana atastahimili siku tatu bila hata kujua. Mwenye sukari ya miaka kumi huenda figo zake zimeshaanza kuchoka bila dalili, na mseto huo, hasa siku ya kuharisha au ya jua kali asipokunywa maji, unaweza kumlaza hospitalini. Isitoshe, dawa za ukoo wa diklofenaki hupandisha presha na kuzipunguzia nguvu dawa za presha. Kwa hiyo mama akienda kliniki na presha ikakutwa juu, huongezewa dawa ya presha, kumbe kilichoipandisha ni kidonge cha mgongo alichonunua duka la dawa na hakikuandikwa kwenye daftari lake.

Fanya hivi wiki hii. Diklofenaki ipumzike mpaka daktari wake wa sukari aione na apime kreatinini ya damu na protini ya mkojo, vipimo vya kuonyesha hali ya figo. Dawa za sukari na presha asiziache hata siku moja. Muulize pia kama kuna dawa ya mitishamba ya chupa au unga anayotumia. Sizidharau dawa za asili, ila dawa ya maumivu inayofanya kazi ndani ya saa moja na kumnenepesha mtu uso ndani ya mwezi huwa nashuku imetiwa steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Steroidi hupandisha sukari na, kwa muda mrefu, hulegeza mifupa. Na mtu wa mifupa laini simnyooshi kwa mshtuko, yaani kwa msukumo wa ghafla.

Tuje kwenye nyayo zinazowaka moto, maana hapa ndipo watu wengi hupotezwa.

Mama ana sukari, ana MRI yenye diski, ana miguu inayowaka. Ni rahisi kuvifunga vyote kwa kamba moja: diski imebana neva, neva imechoma mguu. Inawezekana. Lakini neva iliyobanwa mgongoni kwa kawaida huuma mguu mmoja, maumivu hushuka kama mstari kutoka tako, hupita paja, huvuka goti, na huzidi mtu akikaa, akipiga chafya au akikohoa. Neva zilizoharibiwa na sukari hufanya kingine: huanza vidoleni, miguu yote miwili, hupanda taratibu kama mtu avaaye soksi, na hushamiri usiku. Maelezo yako yanaelekea zaidi huko kwenye soksi. Mnyooshe mgongo wake mara mia, soksi hiyo haitatoka. Inataka sukari ishuke, na daktari aangalie kitu kimoja kinachosahaulika sana: metformini ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12, na upungufu wa B12 nao huleta ganzi na kuwaka vilevile. Kipimo ni cha damu tu na tiba yake ni nafuu. Nimeona watu waliotibiwa diski miaka miwili na shida ilikuwa hiyo.

Mimi nikimpokea, kabla hajageuka kifudifudi, humvua viatu. Nina kijiti chenye uzi wa nailoni unaopinda ukishafika uzito wa gramu 10. Mgonjwa hufumba macho, naugusisha chini ya kidole gumba, kwenye kisigino, ukingoni, na yeye aseme "naam" kila anapousikia. Yule mama wa Likoni alisema "naam" mara mbili tu kati ya kumi, na moja kati ya hizo sikuwa nimemgusa. Kisha natafuta mapigo ya damu juu ya wayo kwa vidole viwili. Yakikosekana, maumivu ya mguu akitembea yanaweza kuwa ya mishipa ya damu iliyoziba, ambayo sukari na presha huichangia sana.

Kuna namna ya kuyatenganisha hata nyumbani. Mwangalie mama akienda sokoni. Akichoka miguu kisha akasimama tu, wima, dakika mbili tatu, miguu ikatulia akaendelea, shuku mishipa ya damu. Kama kusimama hakumsaidii mpaka aketi au ainame, na akiwa amekamata mkokoteni au ameinamia ukuta anatembea mbali zaidi, basi ni ule mfereji wa uti wa mgongo uliobanika, jambo la kawaida kwa umri huo. Hizi ni habari mbili tofauti zenye waganga wawili tofauti.

Kuhusu MRI, maneno "diski zimetoka" yamewalaza watu wazima kitandani kuliko diski zenyewe. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za maelfu ya watu ambao mgongo hauwaumi hata kidogo. Kwa wenye miaka 60, asilimia 88 walikuwa na diski zilizochakaa na asilimia 69 walikuwa na diski iliyovimba kutoka mahali pake. Hao ni wazima, wanalala, wanacheza ngoma. Ni mvi za ndani. Sisemi picha ya mama haina maana. Nasema picha husomwa pamoja na mtu, na kama dalili zake hazifuati njia ya neva ya diski ile, diski ile ni mpita njia tu. Mtu anayekuonyesha picha kwa kidole na kusema "ona ulivyoharibika" kabla hajampima mama nguvu za miguu, mshukuru na uondoke.

Ingawa maumivu mengi ya mgongo wa chini, kama tisa kati ya kumi, hayana ugonjwa mmoja wa kuonyeshwa kidole, hilo moja lililobaki humpata zaidi mwenye maradhi mengine. Niyaseme kwa kirefu kidogo, maana wasomaji wengine nao wana wazee wao.

La kwanza ninalolifikiria katika pwani yetu ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, alikieleza mwaka 1779 na hata leo wengine hukiita kwa jina lake. Kisukari humwongezea mtu hatari ya kifua kikuu mara mbili hadi tatu, na cha mgongoni kinaweza kuja bila kikohozi. Kinauma polepole, wiki kwa wiki, hakipungui kwa kupumzika, mtu anakonda, jioni joto linapanda, usiku shuka linalowa. Ukigonga pingili moja kwa vidole, anaruka. Mwisho mgongo hupinda ukawa kibiongo, na miguu ikaishiwa nguvu. Mgongo wa namna hiyo ukiukandamiza kwa nguvu umeua pingili ambayo dawa za miezi kadhaa zingeiponya. Dawa zake, Tanzania na Kenya, hutolewa bure hospitali za serikali. Kukonda kwa mwenye sukari kuna sababu nyingine pia, sukari yenyewe ikipanda humkondesha mtu, ila usijiamulie nyumbani.

Kwa baba zetu, maumivu mapya ya mgongo baada ya miaka sitini yasiyopumzika usiku yananifanya niulize habari za tezi dume, kwa sababu saratani yake hupenda kukaa kwenye mifupa ya kiuno. Kwa akina mama, naulizia matiti, hata kama uvimbe ulitolewa miaka mingi iliyopita. Mwenye VVU aliye kwenye dawa zenye tenofovia, ambayo inaweza kulegeza mifupa, namuulizia mifupa. Na kijana mwenye selimundu (sickle cell) akiniambia kiuno, mkono wangu huenda nyonga kwanza: kichwa cha mfupa wa paja hufa kwa kukosa damu, na maumivu yake hujificha kiunoni miezi.

Halafu kuna la kukimbiza usiku huo huo. Neva za mwisho wa uti wa mgongo hushuka kama mkia wa farasi. Zikibanwa, mtu hupata ganzi sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, mkojo unagoma au unatoka bila yeye kujua, choo nacho hivyo hivyo, miguu yote miwili inalegea. Hapo si kliniki ya kunyoosha wala kesho asubuhi. Kwenu Tanga, mpelekeni hospitali ya Bombo hiyo hiyo saa. Mkichelewa, mkojo unaweza usirudi tena katika hali yake.

Tuseme basi mama amepimwa, figo zinafanya kazi, hana homa, hajakonda, miguu ina nguvu. Sasa mkono unaweza kugusa mgongo. Nini kinafanyika pale kitandani?

Ule mlio unaosikika mgongo ukinyooshwa, kwanza. Watu wanadhani ni mfupa uliorudi mahali pake. Haukuwa umetoka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliviweka vidole ndani ya mashine ya MRI wakavivuta mpaka vikalia, wakaona nafasi yenye gesi inafunguka ghafla ndani ya maji ya kiungo. Mgongoni ni viungo vya aina hiyo hiyo vya maji. Mlio ukitoka sawa, usipotoka sawa. Kinachosaidia, kwa tunavyoelewa, ni kwamba mshtuko mfupi unatuliza misuli iliyokaza na kuifanya mishipa ya fahamu ipunguze kelele za maumivu kwa muda, mtu akapata mwanya wa kusogea.

Na inasaidia kiasi gani? Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio ya majaribio 47 yenye wagonjwa 9,211 wa maumivu sugu ya mgongo wa chini. Kunyoosha kulileta nafuu inayolingana na tiba nyingine zinazopendekezwa, kama mazoezi. Haikuzidi, haikupungukiwa. Shirika la Afya Duniani nalo, Desemba 2023, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa maumivu sugu ya mgongo wa chini, likaweka kunyoosha na kukanda kati ya vinavyoweza kutumika, pamoja na elimu na mazoezi. Likakataza kwa watu wengi mikanda ya kiuno, kuvutwa kwa mashine, na dawa kali za jamii ya afyuni. Kwa hiyo kama mama ameuziwa mkanda, auvue. Nami najumlisha hivi: kazi ya mikono yangu ni kumfungulia mtu mlango. Asipotoka nje kutembea, mlango utajifunga tena Jumatatu.

Kwa mama wa miaka 62 mwenye sukari nafanya tofauti na ninavyofanya kwa kijana. Mifupa ya mwenye kisukari cha ukubwani huvunjika kirahisi kuliko hata kipimo cha uzito wa mfupa kinavyoonyesha. Kwa hiyo namuulizia: amepungua urefu? Khanga iliyomfika kifundoni sasa inaburura? Aliwahi kuvunjika kiwiko cha mkono kwa kuteleza tu bafuni? Akijibu ndiyo kwa lolote, mshtuko haupo. Kuna mbinu za polepole, za kuusogeza mgongo kidogo kidogo huku mgonjwa amelala kwenye meza inayoinama, na zinatosha kabisa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda namgusa kwa wepesi zaidi, maana atavilia damu. Nataka pia nijue amekula nini asubuhi hiyo, kwa sababu mtu aliyemeza glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, au kujichoma insulini kisha akaja bila kifungua kinywa anaweza kuzimia kitandani kwangu, na lawama ikaenda kwa mgongo. Baada ya kikao, uchungu wa misuli siku moja au mbili ni kawaida. Ukizidi hapo, au ganzi mpya ikija, anarudi nimwangalie, hanyooshwi juu yake.

Shingo, kwa mtu wa presha, mimi siigusi kwa mshtuko akiwa amekuja kwa mgongo. Akishaletwa kwa ajili ya kiuno, kiuno kinatosha.

Sasa vikao 24. Mimi hujipa vinne mpaka sita, ndani ya wiki tatu au nne. Kabla ya kuanza tunakubaliana kipimo ambacho hata mgonjwa atakiona: mama akae kwenye kigoda dakika ngapi kabla ya kuomba mkono. Leo ni thelathini. Baada ya vikao sita kikiwa bado thelathini, naacha, nampeleka kwa mtu mwingine. Kikiwa hamsini, tunapunguza vikao na kuongeza mazoezi. Malipo ya mkupuo yanaua mazungumzo hayo, kwa kuwa fedha ikishaliwa hakuna tena mwenye haja ya kuuliza kama dawa inafanya kazi. Mnaruhusiwa kulipa kikao kwa kikao. Akikataa, huyo anauza tikiti.

Muulizeni pia alisomea wapi na miaka mingapi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2005, liliweka kiwango cha chini cha mafunzo kamili ya kiropraktiki kuwa saa 4,200 za kufundishwa. Mafunzo ya mwisho wa wiki na cheti cha ukutani si hayo. Na nikuambie siri ya nyumbani kwetu: taaluma yangu ilianzia Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895, kwa bwana aitwaye D.D. Palmer aliyedai kumrudishia mfanyakazi mmoja wa usafi masikio yake kwa kumsukuma pingili. Kutoka hapo akajenga imani kwamba karibu kila ugonjwa unatokana na pingili zilizohama. Wengi wetu tumeachana na hayo zamani. Wapo ambao hawajaachana. Ukimsikia tabibu anaahidi kushusha sukari ya mama kwa kunyoosha mgongo, au anamwambia apunguze metformini, chukua mkoba wako.

Kama kuna atakayependekeza sindano ya steroidi mgongoni, si haramu, ina watu wake, lakini mwambieni mapema kwamba mama ana kisukari. Sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa baada yake, na ni lazima apime nyumbani mara nyingi zaidi.

Usingizi na huzuni sitavieleza kwa urefu, ila usiviruke. Mtu asiyelala husikia maumivu mara mbili, na wenye maradhi ya muda mrefu huzama kwenye huzuni nzito kimya kimya. Muulize mama kama bado anafurahia alichokuwa akifurahia. Akilia, huo nao ni ugonjwa wa kupelekwa kliniki.

Kilichobaki ni kutembea na vitumbua.

Kutembea si ushauri wa kumfukuza mgonjwa. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, walichapisha jaribio la watu 701 waliokuwa wametoka kupona mgongo. Kundi moja lilipangiwa kutembea na kupewa maelezo, likiongezwa taratibu mpaka kufikia dakika thelathini, siku tano kwa wiki. Nusu ya waliotembea walikaa siku 208 au zaidi kabla mgongo haujawarudia; kwa wasiopangiwa chochote, ni siku 112. Mama hajapona bado, kwa hiyo aanze na dakika nane, kumi, jua likishapoa, mahali pa tambarare. Faida yake ni kwamba kutembea huko huko kunashusha sukari na presha, kazi ambayo mikono yangu haiwezi. Awe amekula, na awe na pipi mfukoni kama anatumia dawa zinazoshusha sukari kwa kasi.

Vitumbua asiache. Nimeona wengi wakiambiwa "pumzika", wakapumzika, wakapoteza wateja, fedha ya dawa na sababu ya kuamka, na mgongo ukauma vilevile. Tatizo ni kigoda na jiko la mkaa lililo chini, saa tatu mfululizo tangu alfajiri, kiuno kimekunjwa na mkono umenyoshwa kugeuza. Pandisheni jiko juu ya matofali imara, au mjenge kimeza cha saruji, ili chuma cha vitumbua kifike usawa wa tumbo lake akiwa amekaa kwenye kiti cha kawaida. Ndoo ya unga uliokorogwa iwe pembeni juu ya stuli, si sakafuni, na aibebe mtu mwingine. Kila sufuria ikijaa, ainuke yeye mwenyewe akawahudumie wateja, kisha arudi. Hizo hatua ishirini mara kumi kwa asubuhi ni mazoezi tosha ya wiki ya kwanza.

Na zile fedha za vikao 24, kama hamjalipa, zipunguzeni kidogo mkamnunulie viatu vya kufunga vyenye nafasi ya vidole, avae hata jikoni. Nyayo zinazowaka moto usiku ndizo hizo hizo zisizosikia kaa la moto likizidondokea mchana. Kila jioni uzikague mwenyewe, mpaka katikati ya vidole.